Krismasi na Pasaka Katika Shule za Rungwe: Kutoka Kituo cha Misioni Hadi Shule ya Serikali

Mwishoni mwa Novemba, siku chache kabla ya shule kufungwa, tulialikwa katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na mji wa Tukuyu ili kuhudhuria sherehe ambayo wanafunzi waliiita "Krismasi yetu". Mvua ilikuwa ikinyesha kama ilivyo kawaida ya Rungwe, na bati la bwalo lilipiga kelele hata wasemaji wakalazimika kunyamaza mara kwa mara na kungoja. Ratiba iliyoandikwa ubaoni ilikuwa na vipengele 14: kwaya, ngonjera, igizo, risala kwa mgeni rasmi, majibu ya mgeni rasmi, ukataji wa keki, na utambulisho wa wageni ambao ulichukua muda mrefu kuliko mambo mengine yote. Kipengele cha 11 kilikuwa somo, Luka 2:1-20. Saa zilipokuwa zimekwenda sana, mshereheshaji aliletewa kikaratasi kutoka meza kuu, akakisoma, akaufuta mstari wa 11 kwa kiganja, nasi tukaenda kwenye keki. Hakuna aliyenung'unika. Msichana aliyekuwa ameandaliwa kusoma alikunja karatasi yake, akaitia ndani ya Biblia, akaketi. Sisi wachungaji tuliokuwa meza kuu hatukusema neno.

Hatulianzi tukio hili kwa nia ya kuilaumu shule ile. Tunalianza kwa sababu katika njia ya kurudi tuliulizana swali ambalo limetufanya tuandike makala haya. Katika sikukuu za Kikristo zinazoadhimishwa shuleni, ni nani aliyekabidhiwa kulishika Neno lenyewe? Jibu linalosikika mara nyingi katika mikutano ya wachungaji ni jepesi: wakati wa misioni sikukuu zilikuwa na Neno, serikali ikazitwaa shule mwaka 1970, tangu hapo zimebaki nyimbo na vyakula. Kwa kadiri tunavyoifahamu historia ya Rungwe, jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki inawahusu zaidi wachungaji kuliko serikali.

Shule na ushirika chini ya paa moja

Injili ilifika Rungwe mwaka 1891 kwa njia mbili zilizokaribiana sana. Ndugu wa Kanisa la Moravian kutoka Herrnhut, ambao miongoni mwao walikuwamo Theodor Meyer na Theophil Richard, walianzisha kituo cha Rungwe chini ya mlima ule. Mwenzao Georg Martin alifariki kabla mwaka huo haujaisha. Misioni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilianzisha Wangemannshöhe mwaka uleule, kisha Manow mwaka 1892 na Mwakaleli mwaka 1893. Kwa mapatano ya jumla Wamoravian walishika upande wa magharibi na Waberlin upande wa mashariki. Ndiyo maana hata leo mtu atokaye Tukuyu kwenda Mwakaleli hupita polepole kutoka nchi ya Wamoravian na kuingia nchi ya Walutheri, ingawa hakuna kibao kimwambiacho hivyo.

Katika vituo hivi shule haikuwa taasisi iliyosimama kando ya kanisa. Ilikuwa ni kanisa lilelile katika siku za juma. Nyumba iliyotumika Jumapili kwa ibada ndiyo iliyotumika Jumatatu kwa kusoma. Mwalimu wa kijiji ndiye aliyekuwa mwinjilisti. Kitabu cha kujifunzia herufi kilielekeza kwenye Injili, na mtu aliyejua kusoma alihesabiwa, kwa haki au kwa kosa, kuwa yuko karibu na Ubatizo. Hali ikiwa hivyo, kuuliza kama sherehe ya Krismasi shuleni iwe na mambo ya dini kungekuwa sawa na kuuliza kama ibada iwe na sala. Watoto wa shule ndio waliokuwa kwaya, ndio waliokuwa wasomaji wa mistari, na mara nyingi ndio waliokuwa sehemu kubwa ya watu waliohudhuria.

Wamoravian hasa walikuja na urithi ambao ndani yake sikukuu na shule vilikuwa vimeunganika tangu zamani. Mnamo tarehe 20 Desemba 1747, huko Marienborn Ujerumani, Johannes von Watteville aligawa mishumaa midogo yenye utepe mwekundu kwa watoto katika ibada yao ya Krismasi, akiwaeleza juu ya mwali ambao Mwokozi huuwasha moyoni. Desturi hiyo imewafuata Wamoravian kila walikokwenda. Nayo nyota ya Herrnhut, ambayo sasa hutundikwa katika nyumba nyingi za Ulaya wakati wa Majilio, ilitokea katika shule zao za bweni katika karne ya 19 ikiwa zoezi la jiometri. Wanafunzi walikata na kubandika pembe za karatasi ili waelewe maumbo, na kazi ya hesabu ikawa pambo la kungojea kuzaliwa kwa Bwana. Wengi wa watoto wa shule hizo walikuwa watoto wa wamisionari, waliotenganishwa na wazazi wao waliokuwa ng'ambo ya bahari. Kwao nyota ile haikuwa pambo tu.

Pasaka nayo ilikuja na sura yake. Tangu mwaka 1732 vijana wa Herrnhut walikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka ili kuimba juu ya ufufuo mahali walipolala waliowatangulia. Wamoravian wa Tanzania wanaishika desturi hii mpaka leo. Tufikiri kidogo maana yake katika nchi ya Wanyakyusa, ambako marehemu alizikwa nyumbani kwake na mazishi yalikuwa na ngoma kubwa, vilio, na mara nyingine mapigano. Mtoto wa shule aliyepelekwa alfajiri kwenye makaburi ya Wakristo, yaliyopangwa kwa safu bila kutofautisha mkubwa na mdogo, alikuwa akifundishwa jambo juu ya kifo kabla hajafungua kinywa kuimba.

Kuna jambo jingine ambalo wamisionari huenda hawakulifahamu sawasawa walipokuwa wakiandaa karamu ya upendo yenye mkate na kinywaji. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa na mumewe Godfrey katika nchi hii katika miaka ya 1930, ameeleza kwa kirefu jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyojenga vijiji vyao vya rika, wakila pamoja kwa kuzunguka nyumba za mama zao, na jinsi neno ukwangala lilivyobeba maana ya ushirika mwema: kula, kuzungumza na kufurahi na wenzako wa rika. Kitabu chake cha mwaka 1951 kinapata jina kutokana na wazo hilo. Basi shule ilipowakusanya wavulana wa rika moja na kuwalisha pamoja siku ya sikukuu, haikuleta jambo geni kabisa. Ilichukua jambo lililopendwa na kuliweka mbele ya hori la Bethlehemu. Ugeni ulikuwa kwa wasichana na kwa akina mama. Mke wa Kinyakyusa alipaswa kujitenga kabisa na baba mkwe wake, asikutane naye njiani wala kulitamka jina lake. Na sherehe iliyowakaribisha wote ndani ya nyumba moja ilimweka mama mahali pagumu. Mara nyingi tunapohubiri kwamba Krismasi ni sikukuu ya familia tunasahau kwamba katika nchi hii hata kukaa chini ya paa moja kulihitaji ujasiri.

Ujumbe wenyewe je? Hapa ndipo penye uzito. Jina lililotumika kwa Mungu wa Biblia lilikuwa Kyala. Wilson ameonyesha kwamba katika masimulizi ya wazee Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, aliyehusishwa na mahali patakatifu kando ya Ziwa Nyasa, kama Lwembe alivyohusishwa na msitu wa Lubaga karibu na Tukuyu. Watoto waliposimama siku ya Krismasi na kutangaza kwa lugha yao kwamba Mwana wa Kyala amezaliwa, wazee waliosikiliza nje ya mlango hawakuwa lazima washangazwe na kuzaliwa. Mashujaa huzaliwa, na machifu huhesabu vizazi vyao hadi kwa mashujaa. Twadhani kilichowashangaza ni mahali: zizini, kwa mtu asiye na ng'ombe, bila ukoo wa kifalme kukusanyika. Katika nchi ambayo ng'ombe walikuwa mahari, heshima na kafara, habari ya mfalme aliyelazwa mahali pa kulishia ng'ombe wa mtu mwingine ilikuwa theolojia ya msalaba iliyotamkwa na watoto wa miaka 10. Hakuna mmisionari aliyeweza kuihubiri kwa wazi zaidi.

Lakini tusipake rangi. Wakaaji wa ardhi ya kituo walitarajiwa kuhudhuria ibada, watake wasitake, na mtoto aliyekuja shuleni hakuja kila mara kwa kiu ya Neno. Zawadi za sikukuu zilikuwa na mvuto wake, nao wamisionari walilijua hilo na kulinung'unikia, ingawa wao ndio waliozigawa. Hatuwezi kuihesabu kila sauti iliyoimba siku zile kuwa ni sauti ya imani, halafu tukaihesabu kila sauti inayoimba katika bwalo la leo kuwa ni kelele.

Miaka ya Waskoti

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland na kuitwaa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa na kufungwa. Kwa miaka kadhaa, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, sharika na shule za Rungwe ziliangaliwa na Misioni ya Livingstonia ya Waskoti.

Jambo hili husemwa kwa sentensi moja katika vitabu vyetu, nasi twapenda kulikalia kidogo. Kanisa la Uskoti, tangu Matengenezo ya karne ya 16, lilikuwa limeiondoa Krismasi katika kalenda yake kwa hoja kwamba Maandiko hayaiagizi. Ingawa ukali huo ulikuwa umelegea kufikia siku za vita, Krismasi haikufanywa sikukuu ya mapumziko kwa watu wote huko Uskoti mpaka mwaka 1958. Kwa hiyo, kwa takribani miaka minane, Wakristo wa Rungwe waliozoeshwa na Wajerumani mishumaa, nyimbo na kumbukumbu za siku takatifu waliangaliwa na watu ambao kwa malezi yao tarehe 25 Desemba ilikuwa karibu na siku ya kawaida. Tena Waskoti hao walikuwa wachache na vituo vilikuwa vingi. Waliozishika shule na ibada siku kwa siku walikuwa waalimu na wazee Waafrika.

Wajerumani waliporudi hawakukuta jangwa. Walikuta makanisa yaliyo hai, yenye watu wengi kuliko walivyoyaacha, na yenye viongozi waliokwisha kuzoea kuamua mambo yao. Krismasi na Pasaka zilikuwapo. Mmisionari aliyeileta sikukuu hakuwapo, mwangalizi aliyemfuata hakuwa na desturi yake, na serikali mpya haikujali. Hata hivyo haikufa, kwa sababu mwalimu wa kijiji aliijua kwa moyo. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalihitaji tutakapofika mwaka 1970.

Ruzuku na ukaguzi

Baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924 na mkutano wa elimu kufanyika Dar es Salaam mwaka 1925, serikali ya Tanganyika ilianza kuzipa shule za misioni ruzuku, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka masharti. Shule iliyotaka fedha ilipaswa kufuata mtaala uliokubaliwa, kuwa na mwalimu mwenye cheti, na kukaguliwa. Shule ndogo za vichakani, ambazo zilikuwa za dini zaidi ya kitu kingine, zilibaki nje ya ruzuku.

Kwa mtazamo wetu hapa ndipo ufa wa kwanza ulipotokea, miaka 40 na zaidi kabla ya shule kutaifishwa. Dini ilikuwa hewa iliyovutwa shuleni kutwa nzima. Sasa ikawa kipindi kati ya vipindi. Ilipata saa yake katika ratiba, na kitu chenye saa yake huwa hakina saa nyingine. Mwalimu mwenye cheti aliyeletwa kwa ajili ya hesabu hakuwa lazima mwinjilisti. Sherehe za mwisho wa mwaka zikaanza kuwa na mambo mawili yaliyokaa pamoja bila kuchanganyika: ibada, na maonyesho ya kazi za wanafunzi mbele ya wageni wa serikali. Misioni zilikubali kwa furaha, kwa sababu zilihitaji fedha. Vita ya pili ilipokuja na Wajerumani wakaondolewa tena, shule zikashikwa na Walutheri na Wamoravian wa mataifa mengine, lakini mpango wa ruzuku ukabaki uleule.

Mwaka 1970 na baada yake

Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea vilitoka mwaka 1967. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule zilizokuwa zikisaidiwa na serikali kuwa mali ya umma, na mwaka 1970 ikaanza kutumika. Shabaha yake ilikuwa ya haki. Wakati wa uhuru, mtoto wa Kiislamu au wa wazazi wasio na dini alikuwa na nafasi ndogo ya kusoma mahali ambapo shule zote zilikuwa za madhehebu, na mara nyingine gharama ya elimu ilikuwa kubadili jina. Mji wa Tukuyu umekuwa na Waislamu wake kwa muda mrefu, tangu siku za boma na maduka. Mchungaji anayeilalamikia sheria hiyo kwanza ajiulize angefanya nini na mtoto wa jirani yake Mwislamu.

Wala dini haikufukuzwa shuleni. Kipindi cha dini kilibaki, wanafunzi wakigawanyika kwa madhehebu yao, na Kanisa likaombwa lilete mwalimu wake. Katiba ya mwaka 1977, hasa baada ya haki za msingi kuingizwa mwaka 1984, inatamka katika ibara ya 19 uhuru wa kuabudu na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kama tulivyozoea kusema, serikali haina dini, lakini watu wake wanazo. Mwanafunzi Mkristo anayo haki ya kuadhimisha Krismasi kama mwenzake alivyo na haki ya kuadhimisha Maulidi, na mkuu wa shule wa Rungwe kwa kawaida huwapa wote wawili bwalo lilelile kwa siku tofauti.

Kilichoondoka mwaka 1970 ni mwalimu. Yule aliyeishika Krismasi katika miaka ya Waskoti, aliyekuwa mwajiriwa wa Kanisa, mwinjilisti wa kijiji na kiongozi wa kwaya, sasa alikuwa mtumishi wa serikali. Aliweza kuhamishiwa Sumbawanga au Lindi, na mahali pake aliweza kuja mtu mwema asiyejua lolote juu ya mishumaa ya Watteville wala Katekismo ya Luther. Hapakuwa na ubaya ndani yake. Lakini Kanisa, ambalo lilialikwa kuleta mtu wa kujaza kipindi kile, mara nyingi halikumleta. Tuseme wazi: katika sharika zetu nyingi kipindi cha dini katika shule ya msingi kimekuwa kikiachwa kwa mwinjilisti mmoja mwenye mitaa minne na baiskeli moja. Mwaka 1992 makanisa yalitiliana saini na serikali hati ya maelewano juu ya huduma za jamii, na tangu hapo Kanisa limejenga tena shule zake. Manow ni mfano ulio karibu nasi. Lakini idadi kubwa ya watoto wa Kilutheri na wa Kimoravian wa Rungwe wanasoma katika shule za umma.

Katika sekondari pengo lilijazwa na wanafunzi wenyewe. UKWATA, yaani Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, unawakusanya vijana wa makanisa yaliyo katika Jumuiya ya Kikristo, na ndio unaoandaa sherehe kama ile tuliyoihudhuria. Wenyewe huchagua nyimbo, wenyewe huchanga fedha za keki, wenyewe hugawana ratiba. Pasaka, ambayo huangukia karibu na mapumziko mafupi, huwa na mkutano wa maombi na mafundisho, na tumeshuhudia kwamba mikutano hiyo ina Neno kwa wingi kuliko Krismasi yao. Sababu moja ni kalenda. Mwaka wa shule huisha kabla ya Krismasi, kwa hiyo shuleni Krismasi haiadhimishwi siku yake. Huadhimishwa mapema, katika siku za mitihani na za kuagana, ikishikamana na mahafali, na mahafali yana mgeni rasmi. Mahali penye mgeni rasmi, Luka 2 huwa kipengele cha 11.

Mfano kutoka mbali

Ili tuione hali yetu vizuri zaidi, yafaa kuangalia nchi ambayo ililifikisha jambo hili mahakamani. Mwaka 1977 katika mji wa Sioux Falls, jimbo la South Dakota, Marekani, watoto wa shule ya awali ya umma walionyesha igizo la Krismasi lililokuwa na maswali na majibu juu ya kuzaliwa kwa Yesu. Wazazi wengine walilalamika. Bodi ya shule ikatunga kanuni kwamba muziki, fasihi na maigizo yenye maudhui ya dini yaruhusiwe katika maadhimisho ya sikukuu, mradi yatolewe kwa busara na bila upendeleo, kama sehemu ya urithi wa utamaduni na wa dini. Mlalamikaji aliyeitwa Florey alikwenda mahakamani, na mwaka 1980 mahakama ya rufani ikaikubali kanuni ile.

Wakristo wengi wa huko walifurahi. Nasi tunaelewa furaha yao, maana katika miaka ya 1962 na 1963 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imezuia sala na usomaji wa Biblia wa ibada katika shule za umma, na ushindi mdogo ni ushindi. Lakini mwanatheolojia hana budi kuuliza ni kitu gani kilichookolewa. Wimbo uliruhusiwa kwa sharti kwamba uimbwe kama urithi, kama vile mtu anavyoonyesha mkuki wa babu yake ukutani. Hakuna anayetazamiwa kuchomwa na mkuki huo.

Tanzania haikupita njia hiyo. Kwetu sheria haikumwambia mtoto kwamba aimbe Krismasi kama utamaduni. Ilimwambia kwamba yeye na wenzake wa dini yake wana saa yao na mwalimu wao, na humo waseme wanaloliamini lote. Ni uhuru mkubwa kuliko ule wa Sioux Falls. Na hata hivyo, katika bwalo lile la karibu na Tukuyu, bila hakimu wala kanuni ya bodi, tulifika palepale: kwaya zilibaki, Neno likafutwa kwa kiganja.

Luther na madiwani

Baadhi ya ndugu zetu husema kwamba shule ya serikali ni kitu kisichopatana na urithi wetu wa Kilutheri. Tuwakumbushe kwamba mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kuzitunza shule. Hakuwaandikia maaskofu wala watawa, ambao shule zilikuwa mikononi mwao. Tusimfanye Luther aseme asilosema: madiwani wake walikuwa Wakristo, na shule alizozitaka zilikuwa za Kikristo. Lakini alizitaka chini ya utawala wa mji, kwa sababu aliona kwamba mji unahitaji watu waliosoma, kanisa likiwapo au lisipokuwapo.

Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 alimpa mtu mwingine. Kila sehemu yake kuu imeelekezwa kwa mwenye nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani mwake. Na wimbo wake mashuhuri wa Krismasi, "Vom Himmel hoch", uliochapwa mwaka 1535, una kichwa kinachoutaja kuwa wimbo wa watoto, na mapokeo yanasema aliutunga kwa ajili ya watoto wake waliokusanyika nyumbani. Basi Luther aliigawa kazi hii: shule kwa madiwani, mafundisho kwa mwenye nyumba, Krismasi kwa watoto mezani pa baba na mama yao.

Misioni ya Rungwe, kwa sababu zinazoeleweka, iliziweka kazi hizi zote tatu katika nyumba moja. Mwaka 1891 hapakuwa na baba wala mama Mkristo wa kumwachia Katekismo, wala diwani wa kumwachia shule. Kilichokuwa cha dharura kikawa desturi. Vizazi vitatu vya wazazi Wakristo vilizoea kwamba mtoto atajifunza habari za Krismasi kwa mwalimu, na wazazi watakuja kumsikiliza akizisema. Serikali ilipoichukua shule ilichukua sehemu ambayo kwa Luther ilikuwa ya madiwani tangu mwanzo. Sehemu ya mwenye nyumba haikuchukuliwa na mtu yeyote. Ilianguka chini kwa sababu nyumbani hapakuwa na mkono uliozoea kuishika, na usharika haukumwonyesha mzazi namna ya kuiinua. Sasa mwanafunzi hurudi kwao Desemba, Krismasi yake ya shule imekwisha kupita, anakuta usharika umewaandaa watoto wa Shule ya Jumapili kwa ajili ya mkesha, na yeye wa kidato cha tatu anakaa benchi la nyuma na simu yake. Kipaimara alikwisha kupokea. Hakuna anayemwomba asome.

Kabla hatujaweka kalamu chini, tunalo ombi kwa wanafunzi wa theolojia watakaopelekwa Rungwe na Busokelo kwa mafunzo ya vitendo. Watu waliosoma katika shule za misioni kabla ya mwaka 1970 sasa wana umri wa miaka 65 na kuendelea, na wale waliozifahamu shule za vichakani ni wachache sana. Waendeeni wazee hao kwa adabu, hasa akina mama, maana kumbukumbu za wamisionari hazikuwaandika sana. Waulizeni walisema mistari gani siku ya Krismasi na kwa lugha ipi, Kinyakyusa au Kiswahili. Waulizeni ni nani aliyewafundisha, na kama ni mwalimu, baada ya mwalimu huyo kuhamishwa ni nani aliyeendelea. Waulizeni mama alikaa wapi katika sherehe ile ikiwa baba mkwe wake alikuwamo. Waulizeni jirani zao Waislamu walifanya nini siku hiyo, na kama walialikwa kula. Yaandikeni majibu kwa maneno yao wenyewe na kuyaacha nakala katika ofisi ya usharika, ili mchungaji ajaye apate mahali pa kuanzia atakapokuwa akipanga ibada za Majilio.